Mota Kuzunguka Si Sawa na Mota Kuhesabika

Kila muhula unapofunguliwa, walimu wa klabu za roboti huniletea masanduku ya LEGO za zamani, ambayo aghalabu yametoka kwa mzazi au ndugu aliyekuwa akiishi Ulaya, na karibu kila mara nasikia kauli ileile: "Mota ni nzima, tumeijaribu kwa betri ikazunguka, ila kidhibiti ndicho kibovu, maana tukiiamuru isimame haisimami." Nimeamua kuijibu kauli hiyo kwa maandishi kwa sababu imekwisha kusababisha vidhibiti vya NXT (kompyuta ndogo za LEGO zinazoendesha mota na kusoma sensa za roboti) visivyo na kasoro yoyote kufungiwa kabatini, wakati wanafunzi wanagombania kimoja kilichobaki.

Dhana: "Mota ni mota tu. Ikizunguka kwa betri, itaitii programu."

Mota ya zamani ya volti 9, ikiwemo ile yenye gia ndani iliyotumika na RCX, kidhibiti cha LEGO kilichoitangulia NXT na kilichotoka mwaka 1998, ina njia mbili tu za umeme, na haina kitu chochote cha kukirudishia kidhibiti habari. Mota ya NXT, iliyotoka mwaka 2006, huunganishwa kwa waya sita. Nyeupe na nyeusi hupeleka umeme wa kuizungusha. Nyekundu, kinyume na mazoea ya mafundi wengi, ndiyo hasi. Kijani hubeba volti 4.3 za kuendeshea enkoda, yaani kihesabio cha mizunguko, iliyomo ndani ya mota. Njano na bluu hurudisha hesabu ya enkoda hiyo, ambayo ni 360 kwa kila mzunguko kamili, yaani hesabu moja kwa kila digrii. Tofauti kati ya mota hizi mbili haipo katika volti wala katika umri, bali iko katika zile waya nne ambazo mota ya zamani haina pa kuzipokelea.

Mwaka jana nilikaa mezani na wanafunzi waliokuwa wamejenga winchi ya kuinulia ndoo ndogo kwa mota ya zamani. Programu yao iliagiza mota izunguke mara mbili, isimame kwa sekunde tatu, kisha irudi kinyume. Mota ilianza, ikazunguka mara mbili, mara tano, mara kumi, ndoo ikagonga boriti ya juu na uzi ukakatika. Mwalimu wao alikuwa amekwisha kubandika karatasi kwenye kidhibiti inayosema mlango A umekufa. Nilimwomba afungue kwenye skrini menyu inayoonyesha digrii za mota, tukaiendesha tena bila uzi: mota inavuma, ekseli inazunguka mbele ya macho yetu, na tarakimu kwenye skrini ni 0 tangu mwanzo hadi mwisho. Kidhibiti kilikuwa kimeagizwa kisubiri hesabu ifike 720, nacho kilikuwa kinaisubiri, ilhali hapakuwa na chochote cha kuileta. Karatasi ile tuliibandua siku ileile.

Udhibiti wa kasi nao huharibika kwa sababu hiyohiyo, na hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Unapoomba asilimia 30 huku udhibiti ukiwa umewashwa, kidhibiti hulinganisha kasi uliyoitaka na kasi inayosomwa kutoka kwenye enkoda. Kikisoma sifuri huchukulia kwamba mota imelemewa na mzigo, basi huongeza nguvu hadi kikomo. Ndiyo maana mota uliyoiomba itembee polepole huondoka kwa kasi kubwa. Ukiunganisha mota moja ya zamani na moja mpya kwenye magurudumu ya kushoto na kulia, kisha ukaziagiza ziende sambamba, ile mpya huzuiwa ikiisubiri ya zamani, ambayo kwa hesabu ya kidhibiti haijasogea hata digrii moja.

Dawa ipo, na haihitaji kununua kidhibiti kingine. Katika programu ya NXT-G iko bloku ya mota yenye alama ya nyota, iliyowekwa mahsusi kwa mota za zamani, ambayo huagiza upande na nguvu tu bila kusubiri hesabu, itumieni hiyo. Kuhusu wapi mota isimame, wengi hukimbilia kuhesabu sekunde, nami siwashauri, kwa kuwa winchi iliyofika juu kwa sekunde mbili asubuhi betri zikiwa mpya haitafika juu kwa sekunde mbili mchana betri zikiwa zimechoka. Wekeni swichi ya kugusa mwisho wa safari, ndoo yenyewe iibonyeze, na mota isimame hapo. Nawasisitizia jambo hili watu wote ninaowahudumia, kwa sababu swichi moja inayobonyezwa na mzigo wenyewe hutoa jibu lilelile betri zikiwa mpya au zimechoka.

Anayehitaji digrii kwa lazima anaweza kuitafuta ndani ya sanduku lilelile sensa ya mzunguko ya enzi za RCX, ambayo NXT huisoma kupitia waya wa kubadilishia, wenye plagi ya NXT upande mmoja na kiunganishi cha zamani upande wa pili. Sensa hiyo hutoa hesabu 16 tu kwa mzunguko, lakini gia ya meno 40 ikizungusha gia ya meno 8 iliyo kwenye ekseli ya sensa, utapata hesabu 80, yaani moja kwa kila digrii 4.5, kipimo kinachotosha kabisa kwa winchi au lango.

Dhana: "Mota ya volti 4.5 itaungua papo hapo, na ya treni ya volti 12 itakiunguza kidhibiti."

Kidhibiti hupunguza nguvu kwa kukata na kurudisha umeme mara nyingi katika kila sekunde, hivyo mota ya volti 4.5 ikiendeshwa kwa takriban asilimia 50, kwa vipindi vifupi na bila kukwamishwa, hufanya kazi vizuri. Ile ya volti 12 itakwenda polepole tu, maana haileti volti zake kutoka kokote, inapokea zilizopo. Kinachostahili kuogopwa ni ampea za mota iliyokwama. Pima ukinzani wa mota kwa multimita kabla ya kuiunganisha: ukipata omu 3, basi ikikwama kwenye volti 9 itavuta ampea 3, ilhali kila mlango wa NXT umekusudiwa takriban ampea 1. Mota ndogo za magari ya kuchezea huwa na ukinzani mdogo zaidi ya huo, na hizo sizipendekezi kwa NXT hata kidogo.

Dhana: "Waya wa NXT ni waya wa simu."

Plagi yake inafanana na ya simu, lakini ndoano yake imesogezwa pembeni, hivyo ya simu haishiki. Kama huna waya wa kubadilishia, kata waya halisi wa NXT, unganisha nyeupe na nyeusi kwenye mota, kisha uzifunge kwa tepu waya nne zilizobaki, kila mmoja peke yake. Tafadhali msifanye haraka katika hatua hii. Ile kijani hulisha sensa zote za kidhibiti kwa pamoja, na ikigusana na nyeupe au nyeusi, umeme wa mota unaingia katika njia isiyoumudu.

Dhana: "Ukizigeuza waya mbili, mota itaungua."

Hapana. Itazunguka upande wa pili, basi.

Dhana: "Kwa Arduino (ubao mdogo wa kielektroniki unaopangiwa programu), mota inaunganishwa moja kwa moja kwenye pini."

Pini ya Arduino Uno inapaswa kutoa takriban miliampea 20, na mota ya kuchezea huhitaji mamia. Ni lazima pawe na saketi ya kuendeshea mota, betri ya mota iliyo peke yake, na hasi za pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Ongezeni kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu ya mota, kwa kuwa brashi za mota kuukuu hutoa vurugu za umeme zinazoweza kukifanya kidhibiti kianze upya katikati ya kazi.

Dhana: "Haizunguki kabisa, basi imekufa."

Mara nyingi mota haina kosa. Kosa liko kwenye waya. Ganda la waya nyingi za volti 9 za miaka ya 1990 huchakaa kwa umri hadi kupukutika vipandevipande mtu akiukunja tu, na nyuzi za shaba zikigusana, umeme hupita njia ya mkato na kidhibiti hukata. Kunja waya polepole karibu na kiunganishi, mahali ambapo hupasuka kwanza, na ukiona shaba, weka waya huo kando. Kisha igusishe mota yenyewe kwenye betri ya volti 9 kwa waya mbili mpya. Katika sanduku la mwisho nililoletewa zilikuwamo mota tano zilizoandikiwa kuwa zimekufa, na nne kati ya hizo zilizunguka.