Kikundi cha Kuacha Pombe Kisifungwe Ugonjwa Ukiingia Mjini

Tarehe 18 Machi 2020 serikali yetu ya Kongo (Kinshasa) ilitangaza kukataza mikusanyiko ya zaidi ya watu 20, na kufunga makanisa, shule na baa kwa sababu ya korona. Kikundi kinachotegemea ukumbi wa parokia kilikosa pa kukutania mara moja. Lakini kasiksi (pombe ya ndizi) na kanyanga (pombe kali ya kienyeji) hazihitaji baa. Zinauzwa uani, kwa jirani, hata usiku. Mlevi aliyekuwa anajaribu kuacha akabaki pombe ikiwa karibu, wenzake wakiwa mbali. Kwetu sisi tunaohudumia watu hawa, hilo ni jambo la hatari sana.

Mwezi huohuo wa Machi ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu katika vikundi vya Alcoholics Anonymous (walevi wanaosaidiana kuacha pombe bila kutajana majina kamili) husaidia watu wengi zaidi kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Kikundi ni tiba. Ugonjwa ukija, tubadilishe namna ya kukutana, tusiache kukutana.

Kwanza, onyo. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake eti kwa sababu mji umefungwa. Ndani ya saa 6 hadi 24 anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Degedege huweza kumpata katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Mpelekeni kituo cha afya cha karibu, au SOSAME kwa wenzetu wa afya ya akili hapa Bukavu. Msingoje apone kwa maombi peke yake. Aombewe akiwa na muuguzi kando.

Kama mnaruhusiwa kukutana, tokeni nje. Kule Kadutu, komini ya hapa Bukavu, nyumba zimebanana na ua ni finyu, basi gaweni kikundi: watu sita asubuhi, sita jioni, viti vikiwa mbalimbali na barakoa usoni ikiwa ugonjwa unapita hewani. Mlangoni wekeni ndoo yenye robine na sabuni. Jeli ya mikono msiiweke. Nyingi zina alkoholi ya 60% au zaidi, na mtu mwenye wiki mbili bila pombe akijipaka viganjani, harufu ile inampanda puani kabla hajaketi. Wapo hata wanaoinywa, na iliyochakachuliwa kwa methanoli hupofusha au kuua. Sabuni na maji vinatosha kabisa.

Kwa mpox (homa ya nyani), hatari kubwa ni kugusana. Aina ya kirusi iliyotambuliwa Kamituga mwaka 2023, katika jimbo letu hili la Kivu Kusini, ilisambaa hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Kukumbatiana mwisho wa kikao kusimame, na kila mtu aje na kikombe chake. Mwenye vipele abaki nyumbani mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke. Mara nyingi ni wiki mbili hadi nne.

Jambo gumu kuliko yote ni siri. Timu ya zone ya afya ikifuatilia waliokutana na mgonjwa, itauliza nani alikuwa kikaoni. Ina haki ya kuuliza, kwa kuwa waliokutana na mgonjwa wa Ebola au mpox hufuatiliwa siku 21. Lakini mama mwenye duka hataki avenyu nzima ijue anahudhuria kikundi cha walevi, na akiogopa orodha hatarudi. Kwa hiyo mwongozaji mmoja aandike jina la kuitwa na namba ya simu tu, kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari, aifungie bahashani kila kikao. Zikipita siku 21 bila mgonjwa, aichome. Akitokea mgonjwa, mwongozaji awapigie wahusika kwanza, kisha awape timu namba, aseme ni watu waliokaa pamoja tarehe fulani. Sababu ya kukaa pamoja haisaidii kitu katika ufuatiliaji. Wanachama waambiwe utaratibu huu mapema, kabla ya kuandikwa.

Ikibidi kutumia simu, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa kuliko video: unakula mega kidogo, unasubiri umeme urudi, na asiyejua kusoma anausikia. Simu nyingi hutumiwa na familia nzima, hivyo kubalianeni sentensi ya kawaida ya kuanzia, na mwenye simu asipoijibu ipasavyo, zungumzieni mambo mengine. Asiyepatikana siku mbili afuatwe na mwenzake mmoja hadi mlango wa parsele, amsalimie kwa mbali, aulize hali, bila kutaja kikundi mbele ya watu.