"Nimeshampa dawa ya minyoo, daktari"

Jumamosi nimeisikia tena. Kijana kaniletea chatu wa Afrika Magharibi, yule mfupi anayejikunja kama mpira. Alikamatwa porini Togo, akapanda ndege, akafika mifupa mitupu, na siku hiyo hiyo akanyweshwa dawa. Dawa gani? "Ile ya mbuzi." Ana gramu ngapi? Kimya.

Watu wanadhani nyoka wa porini ukimnywesha mara moja akifika, umemaliza. Hujamaliza, maana hakuna dawa moja ya minyoo yote. Fenbendazoli ni ya minyoo ya mviringo. Tegu anataka prazikwanteli. Amiba hawaguswi na hizo zote mbili. Pentastomidi, vimelea kama minyoo wanaoishi mapafuni, hawana dawa ya kutegemewa, na mayai yao humwambukiza hata binadamu, kwa hiyo nawa mikono! Sasa kama hujui kilichomo tumboni, unatibu nini?

Leta choo kibichi cha siku hiyo, si kilichokauka kama kokwa. Kipimo kimoja kikitoka safi bado siamini: mayai hayatoki kila siku. Mimi nataka vitatu. Halafu kuna minyoo kama Kalicephalus, ambayo mabuu yake hukulia kwenye choo na kumrudia nyoka humo humo ndani ya boksi. Ndiyo maana dozi hurudiwa baada ya wiki 2, na matandiko yasipobadilishwa ni kazi bure. Tandika magazeti. Magome na majani ya mapambo yatasubiri.

Tena haraka ya nini? Nyoka aliyekaukiwa maji safarini anataka kwanza maji, joto na pa kujificha. Fenbendazoli ikizidi huharibu uboho, na hapo utamzika akiwa hana mnyoo hata mmoja.

Mengine kwa kifupi. "Anakula vizuri, hana kitu": wengi wenye minyoo wanakula vizuri. "Nimeona mayai kwa hadubini yangu": huenda ni ya minyoo ya panya aliyemla, yanapita tu. Ivamektini, dawa nyingine ya vimelea, ni salama kwa reptilia wote? Kwa kobe ni sumu, wala usijaribu. Kupe hapakwi mafuta ya taa. Mshike kwa kibanio karibu na ngozi, vuta taratibu.

Jumanne kijana alirudi na choo ndani ya kikopo cha mtindi. Mayai ya tegu, tele. Ile dawa ya mbuzi ilikuwa levamisoli, ambayo tegu haimfanyi chochote.