Kabla hujauza nyumba ununue dupleksi, angalia riba unayolipa sasa

Ndugu zetu mlioko Marekani, swali hili tunaletewa sana hapa kwenye ushauri wa nyumba. Mtu ana nyumba yake, kaona rafiki kanunua dupleksi, yaani jengo moja lenye nyumba mbili, upande mmoja anakaa mwenyewe wa pili kapangisha, na yeye anataka auze afanye hivohivo. Sio wazo baya. Ila mimi kwanza nakuuliza, mkopo ulionao una riba ya asilimia ngapi?

Manake wengi waliokopa 2020 na 2021 walipata riba ya kama asilimia 3, na ukiuza hiyo riba inaishia palepale, huhami nayo. Tupige hesabu: mkopo wa dola 240,000 wa miaka 30, kwa asilimia 3 unalipa kama dola 1,012 kwa mwezi, ukikuta asilimia 7 inakuwa 1,597, hapo bima na kodi ya nyumba bado. Yaani dola 585 za mwanzo za mpangaji zinaziba pengo tu. Na pango lenyewe usilihesabu lote, benki kwa kawaida zinahesabu asilimia 75, kwa hiyo 1,400 iandike 1,050, inayobaki ni ya matengenezo na ile miezi nyumba inakaa tupu.

Kianzio sio tatizo sana, mkopo wa FHA, ule wenye bima ya serikali, unataka asilimia 3.5 ya bei kama alama zako za krediti ni 580 kwenda juu, lakini lazima uhamie ndani ya siku 60 na ukae angalau mwaka. Usiseme utahamia afu upangishe pande zote mbili, huko ni kuidanganya benki na ni kosa la jinai, tafadhali sana.

Siku ya kwenda kuiona usiishie jikoni, shuka bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, uhesabu mita za umeme na gesi, na mitambo ya kupasha joto ni mingapi. Ukikuta mmoja kwa pande zote, basi Januari ya Minneapolis mpangaji anapandisha joto na dirisha kaliacha wazi, bili inakuja kwako. Muulize muuzaji pia mikataba ya wapangaji waliopo inaisha lini, manake mara nyingi mkataba unahamia kwa mwenye nyumba mpya, sasa kama pande zote zina watu na yako umeshauza, zile siku 60 zikikimbia utahamia upande gani?