Bamvua ni ya pweza, mshipi una siku zake

Vuli ikianza kukatika na upepo wa kusi ukishalala, swali huwa lile lile: "Bamvua lini, tukatupe mshipi?" Bamvua, yaani zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko zote. Watu wanahesabu tarehe za mwezi, wanapanda daladala mpaka Jambiani au Makunduchi huku Unguja, jioni wanarudi na visamaki viwili vya kidui na nyasi za bahari za kutosha kulisha mbuzi. Kisha lawama: samaki wamekwisha. Hawajaisha, jamani. Mmekwenda siku ya pweza.

Bamvua ni neema kwa anayetembea. Maji yanapwa mpaka mwambani, mashimo ya pweza yanabaki wazi, wakulima wa mwani wanavifikia vigingi vyao. Sifa hiyo ikabebwa nzima nzima ikapewa mshipi: maji makubwa, basi samaki wengi. Nani kasema?

Hesabu yenyewe si ngumu. Bamvua kubwa huku Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, mita 1 hivi. Kujaa huchukua saa sita na dakika chache, na hakuendi sawasawa. Ukigawa mapandio yote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo kwenye bamvua, katikati ya kujaa, maji hupanda mita nzima kwa saa moja. Kwenye maji mafu ni robo mita tu. Sasa weka chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ya gramu 40 kwenye ile mita nzima. Mshipi unapinda kama upinde, chubwi inanyanyuka, chambo kinazunguka juu juu mbali na mchanga anapokula changu, na kila nyasi iliyokatika inakuja kujifunga hapo. Ukiongeza chubwi hadi gramu 100 itakaa, lakini changu akigusa hutasikia kitu kidoleni. Utavuta uzito wako mwenyewe mchana kutwa.

La pili wengi hawalitazami kabisa, nalo ndilo kubwa zaidi: saa. Kwetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo kwenye bamvua jua likichomoza maji yako mbioni kutoka, na magharibi ikiingia ni vivyo hivyo. Samaki wa ndani ya mwamba anayafuata kwenye vilindi na milangoni, yaani mapengo ya mwamba, wewe umesimama ufukweni unavua mchanga. Ngoja wiki moja, tarehe 7 au 8 ya mwezi wa mwandamo, au 22. Maji mafu yanajaa mnamo saa tatu au nne asubuhi, maana yake alfajiri yanaingia taratibu, na magharibi yanaingia tena. Mwanga hafifu, maji yanaingia kwa upole, changu na mkundaji wanapanda kutafuta chakula kwenye mipaka ya nyasi na mchanga. Unataka nini tena?

Mimi huchagua tarehe 8 hadi 11, maji yanapoanza kupata nguvu. Ikikulazimu bamvua, vua saa moja kabla hayajasimama na nusu saa baada ya hapo, kisha kunja.

Vifaa kwa ufupi. Nailoni ya milimita 0.5. Ndoana namba 10 au 11 (namba ikipanda ndoana inapungua, msichanganye). Vigwe viwili vya ndoana, urefu wa shibiri moja, juu ya chubwi. Chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikinasa mwambani ikatike yenyewe, ndoana zirudi. Plagi kuukuu ya pikipiki inafaa, wala haiumi kuipoteza. Chambo ni ngisi, kipande chembamba cha urefu wa kidole, ncha ya ndoana ionekane. Tasi mwachieni mwenye dema, mtego wa kusuka. Yeye mla majani, na miba yake ina sumu. Bunju hata msijadili, hailiwi.

Wapo watakaonitajia samaki kolekole. Kweli, yeye hupenda maji makali, na penye kina karibu na nchi, kama majabali ya Kizimkazi, bamvua iliyojaa inaweza kumleta akifukuza chuchungi. Hiyo ni kazi nyingine, ya mshipi mnene.

Hapa kuna jambo linalonisumbua. Wazee husema mwezi mpevu changu hali usiku kwa sababu ya mwanga. Wenye kuvua dagaa kwa taa husimama siku hizo, na sababu yao iko wazi: taa haishindani na mwezi. Lakini mwezi mpevu na bamvua huja pamoja, basi wa mshipi atajuaje kama kilichomharibia ni mwanga au mkondo? Mimi naelekea kwenye mkondo. Siwezi kuapa.

Na kama utakwenda mwambani siku ya bamvua maji yamekupwa, tazama nyuma, usitazame mbele. Maji hayaji kwa kuruka mwamba kwanza. Yanaingia kwa milangoni, yanajaza bonde lililo kati yako na ufukwe wakati wewe bado umesimama pakavu. Weka jiwe ukingoni mwa dimbwi upande wa nchi kavu. Maji yakiligusa, kunja mshipi hapo hapo, hata kama samaki ndiyo kwanza anagonga.