Fonti chaguo-msingi ni nini, na ya mwongozo ichaguliweje?

Fungua programu ya kupanga kurasa, andika sentensi bila kutaja fonti, na maandishi yatatoka tu. Fonti iliyojitokeza yenyewe ndiyo chaguo-msingi: ile uliyochaguliwa na waundaji wa programu mpaka utakapotaja nyingine. Programu ya LaTeX hukupa Computer Modern ya Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta aliyeunda TeX, injini ya LaTeX; Typst hukupa Libertinus Serif. Word ilihamia Calibri kwa toleo la 2007, na mwaka 2023 Aptos ikashika nafasi hiyo.

Kwa barua ya kawaida hilo halina uzito. Kwa mwongozo wa programu yenyewe lina uzito sana, kwa sababu msomaji wake ananakili mfano, anaujaribu kwenye kompyuta yake, kisha analinganisha. Ikiwa mwongozo umepangwa kwa fonti ya kununua ambayo yeye hana, mistari yake itakatika mahali pengine, jedwali litavuka ukingo, naye atadhani amekosea. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwongozo upangwe kwa fonti ileile inayokuja na programu, tena yenye leseni huru kama Open Font License ya shirika la SIL, ili yeyote aweze kuisambaza.

Huku Uganda lipo jambo la kuangalia kwanza: herufi ŋ, inayosomwa kama ng' ya ng'ombe. Kiganda huiandika kila siku, mara nyingi kwa jozi: eŋŋoma, ŋŋenda. Usimbaji, yaani orodha inayoipa kila herufi nafasi yake kwenye fonti, wa zamani wa TeX, OT1, una nafasi 128 na ŋ haimo. T1, uliokubaliwa Cork, Ayalandi, mwaka 1990, una nafasi 256 na ŋ imo. Kwa hiyo usiulize tu kama fonti inapendeza; uliza pia kama ŋ inayo.

Mimi lilinipata. Niliandaa kijitabu cha mafunzo cha Kiswahili chenye mifano ya Kiganda, nikampelekea mchapaji faili lisilobeba fonti ndani yake. Kompyuta yake haikuiona fonti yangu, ikaweka ya kwake. Eŋŋoma ikatoka e□□oma, nakala mia mbili, zote zimeshabanwa pini. Niliumia, maana walimu waliokuwa wakizingoja ni Waganda.

Mwongozo huhitaji pia fonti ya pili, ya herufi zenye upana sawa, kwa ajili ya amri. Hapo 0 na O, 1 na l, lazima zitofautiane kwa jicho la haraka. Angalia pia kile kialama (') kilichomo katika neno ng'ombe: kwenye maelezo kinaruhusiwa kujipinda, lakini kwenye amri kikijipinda, msomaji akainakili, programu itaikataa.

Kuna fonti ya SIL iitwayo Andika, jina lililochukuliwa kwa Kiswahili, iliyochorwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma. ŋ inayo, na kwa karatasi za mafunzo naipenda mno.

Kabla ya kuamua, mimi huchapa ukurasa mmoja wenye ŋ, Ŋ, ng'ombe na 0O1lI. Naupeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, natoa fotokopi, halafu fotokopi ya ile fotokopi, kwa sababu miongozo mingi hapa huwafikia watu hivyo. Computer Modern, kwa wembamba wa mistari yake, hufifia kwenye nakala ya pili. Libertinus hubaki inasomeka.