Nyuzi Zikichomoka, Msikimbilie Kulaumu Rezini

Tuelewane leo. Kipande cha faibaglasi kikivunjika na nyuzi zikaonekana zimechomoka, fundi wa boti hapa Dar atakwambia palepale: “Rezini (gundi inayoganda na kuzishikanisha nyuzi) mbovu, haikushika.” Mwanafunzi naye ataandika hivyohivyo kwenye ripoti, kisha apendekeze mshiko mkali zaidi kati ya uzi na rezini. Jamani!

Ufa ukifika kwenye uzi ulioshikwa kupita kiasi, huukata na kusonga mbele. Kipande huvunjika ghafla na uso wake hubaki bapa kama kigae. Mshiko ukiwa wa kadiri, uzi hubanduka kwanza, ufa hugeuka kuufuata, halafu uzi huchomoka ukisuguana na tundu lake. Msuguano huo ndio unaomeza nguvu ya pigo. Kwenye kompositi za kauri (kauri iliyotiwa nyuzi ndani) za injini za ndege, nyuzi za silikoni kabaidi hupakwa boroni nitridi makusudi ili zising'ang'anie.

Kwa hiyo pima kwanza. Zidisha uimara wa uzi kwa kipenyo chake, gawanya kwa mara mbili ya mshiko. Uzi wa kioo wa mikromita 15, uimara megapaskali 2,000, mshiko megapaskali 30: unapata nusu milimita, urefu ambao uzi mfupi kuliko huo huchomoka badala ya kukatika. Vishina vya nyuzi vinavyojitokeza kwenye uso uliovunjika havitarajiwi kuzidi nusu ya hapo, yaani robo milimita. Vikiwa virefu kwa mbali, tena visafi chini ya darubini, hapo lalamikia mshiko. Vikiwa vimegandamana na vipande vya rezini, kilichokatika ni rezini yenyewe.

Kuupima mshiko: zamisha ncha ya uzi kwenye tone la rezini, iache igande, vuta taratibu. Nguvu ya juu kabisa igawanye kwa eneo la sehemu iliyozama. Ukizamisha sana, uzi hukatika kabla ya kuchomoka. Hapo umepima uzi, si mshiko.

Sasa, hesabu hii inadhani mkazo umesambaa sawasawa, na haujasambaa. Umejaa pale uzi unapoingilia, ndiko kubanduka kunakoanzia, hivyo ukibadilisha kina na jibu hubadilika. Maabara mbili zenye uzi na rezini ileile hutoa namba tofauti. Kwa nyuzi za mkonge badala ya kioo ni balaa zaidi: uzi wake si mviringo, na unene hubadilika kutoka shina hadi ncha, sasa eneo lipi? Mimi namba hizo nazitumia kulinganisha tu. Kwenye hesabu ya boti siziingizi.

Mkonge wenyewe uloweke kwenye sodiamu haidroksaidi ya asilimia 5, kuondoa nta na kukwaruza uso. Ukizidisha, uzi unaliwa. Suuza mpaka magadi yaishe, kausha kwa 80 °C hadi uzito usibadilike, kisha mimina rezini siku hiyohiyo. Ukiuacha mezani usiku kucha kwa unyevu wa Dar, unarudi ovenini.