Saa za fidia si hisani ya bosi

"Nilifanya kazi saa 8 za ziada Jumamosi, bosi akanipa Jumatatu nzima nikapumzika. Tumemalizana."

Wiki hii nimeyasikia maneno hayo mara tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana: msaidizi wa darasani katika wilaya ya shule, karani wa mahakama ya kaunti, na dereva wa basi la jiji. Wote ni Waswahili wenzetu walioko Marekani, wote Jumamosi hiyo iliwakuta wameshatimiza saa 40 za wiki, na wote wamepunjwa saa 4 huku wakimshukuru aliyewapunja. Kabla ya kuanza kuwasaidia wafanyakazi kusoma hati zao za mshahara, nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza nikiandaa mishahara ya serikali za mitaa. Najua hesabu inavyopaswa kwenda, na najua pia inavyopindishwa. Kwa hiyo hili nitalikalia mpaka lieleweke. Mengine nitayapitia mbiombio.

Mfanyakazi anayestahili ovataimu hulipwa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. Mwajiri binafsi hana ujanja, ni lazima atoe pesa. Jimbo, kaunti, jiji na wilaya ya shule zina njia ya pili: kumpa mfanyakazi muda wa mapumziko wenye malipo badala ya fedha taslimu. Huo ndio muda wa fidia. Lakini ile nusu haiyeyuki kwa sababu malipo yamebadilika sura. Saa 8 za Jumamosi huzaa saa 12 za fidia, si 8. Jumatatu nzima ni saa 8 tu, na zile 4 zilizobaki ni deni.

Ruhusa hii ina historia yake, na anayeijua hadanganyiki kirahisi. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, ile inayofupishwa FLSA, haikuwagusa wafanyakazi wa majimbo na miji ilipoanza. Bunge la Marekani liliwaingiza wa shule na hospitali mwaka 1966, na karibu wote waliobaki mwaka 1974. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikasema hapana, Bunge limevuka mpaka. Mwaka 1985, katika kesi ya Garcia dhidi ya mamlaka ya usafiri ya San Antonio, mahakama hiyohiyo ikageuka kwa kura 5 dhidi ya 4, na wafanyakazi wakarudi chini ya sheria. Miji ikapata kiwewe: ovataimu ya polisi, zimamoto na madereva itatoka hazina gani? Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya kuruhusu fidia kwa muda. Yalikuwa mapatano. Serikali zilipata nafuu ya kutotoa pesa papo hapo, na wafanyakazi wakalindiwa nusu yao. Msimamizi anayekupa saa moja kwa saa moja amechukua nafuu, kisha akarudi kuchukua na nusu.

Tupige hesabu, maana watu huniambia "ni vidogo hivyo". Chukua mtu anayelipwa dola 20 kwa saa, anayezidisha saa 4 kila wiki kwa wiki 40. Hizo ni saa 160 za ziada, na fidia yake halali ni saa 240. Akipewa moja kwa moja, anabaki na 160. Zimepotea saa 80, sawa na wiki mbili kamili za kazi, yaani dola 1,600. Kidogo hicho ni kodi ya nyumba ya mtu.

Nimechagua mfano huo makusudi, kwa sababu saa 240 ndicho kikomo cha akiba kwa wafanyakazi wengi. Kwa polisi, zimamoto, huduma za dharura na kazi za msimu kikomo ni 480. Ukishakifikia, kila saa ya ziada inayofuata ni lazima ilipwe kwa pesa. Nimewahi kuona msimamizi akimwambia mtu aliyefika kikomo "basi saa zako zitasubiri". Hakuna chumba cha kusubiria. Zilipwe.

Halafu kuna hadithi ya Juni. Mwaka wa fedha wa majimbo 46 huanza Julai 1, hivyo kila ifikapo Juni simu yangu haipumziki: "Tumeambiwa tutumie saa zote kabla ya tarehe 30, zisizotumika zinafutwa." Saa za fidia za FLSA hazifutwi. Mwajiri anaweza kukulipa pesa akazimaliza. Anaweza hata kukuamuru uende mapumziko uzitumie, na hapa huwa nawaudhi wateja wangu. Wengi huamini hawawezi kulazimishwa. Manaibu wa sherifu wa Harris County, Texas, walibishania jambo hilohilo mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2000 wakashindwa. Unaweza kulazimishwa kuzitumia, huwezi kunyang'anywa. Na ukiacha kazi, au ukiachishwa, zilizobaki hulipwa kwa kiwango chako cha mwisho au kwa wastani wa miaka yako mitatu ya mwisho, kile kilicho kikubwa. Mtu aliyepandishwa cheo anaondoka na saa za zamani kwa bei mpya. Siku nikieleza hilo, nyuso hung'aa.

Mchanganyiko mwingine unaletwa na sheria za majimbo. Texas, kwa mfano, ina muda wa fidia wa aina ya pili kwa wafanyakazi wa jimbo: wiki ambayo sikukuu au likizo ndiyo iliyosukuma jumla kupita 40, bila wewe mwenyewe kufanya kazi zaidi ya 40. Huo huhesabiwa moja kwa moja, na usipotumika ndani ya miezi 12 unapotea. Aina zote mbili zinaweza kukaa kwenye hati moja, mstari juu ya mstari. Uliza kila mstari ni wa nini kabla hujagombana na mtu.

Na ukiomba kupumzika, "tuna kazi nyingi" si jibu. Ombi likitolewa mapema inavyofaa, mwajiri anapaswa kulikubali ndani ya muda wa kuridhisha, isipokuwa kutokuwepo kwako kungevuruga shughuli kupita kiasi. Usumbufu wa kawaida wa kupanga zamu hautoshi.

Ushauri wangu mmoja, ambao watoto wangu wameuchoka: daftari. Daftari la karatasi, si picha za simu. Andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kama ulikula mezani kwako huku ukipokea simu za ofisi, andika. Kisha kila mwezi omba salio lako la fidia kwa maandishi. Na utafute ile karatasi uliyosaini siku ya kwanza bila kuisoma, maana fidia kwa muda badala ya pesa inahitaji makubaliano kabla ya kazi kufanyika, ama kupitia chama cha wafanyakazi, ama na wewe mwenyewe. Mara nyingi ulishakubali, kalamu yao na mkono wako.

Sasa hayo mengine.

"Nalipwa mshahara wa mwaka, ovataimu hainihusu." Mshahara wa mwaka peke yake hausemi chochote. Ili kutolewa kwenye ovataimu, kwa kawaida ni lazima mtu alipwe mshahara usioyumba, usiopungua dola 684 kwa wiki, na kazi zake halisi ziwe za uongozi, utawala wa ngazi ya maamuzi, au taaluma. Kukuita "msimamizi" huku ukishinda unapanga mafaili hakukugeuzi kuwa kiongozi. Wengi bado wanazungushiana ujumbe kwamba kiwango ni dola 844; hicho kilianza Julai 1, 2024, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta kanuni nzima. Tumerudi 684. Walimu hawana kiwango hicho kabisa: mwalimu hana ovataimu hata mshahara wake ukiwa mdogo. Msaidizi wake wa darasani kwa kawaida anayo, na hapo ndipo shule nyingi hujikwaa.

"Wiki hii 50, wiki ijayo 30, wastani 40." Wastani haupo. Wiki ya kazi ni saa 168 mfululizo, na kila moja husimama peke yake hata kama mshahara hutoka kila baada ya wiki mbili. Saa 10 za wiki ya kwanza ni ovataimu. Ila kuna milango miwili ya pembeni. Hospitali na nyumba za kutunza wagonjwa, zikikubaliana na mfanyakazi mapema, zinaweza kuhesabu kwa siku 14, na ovataimu ikaanza baada ya saa 8 kwa siku au 80 kwa kipindi. Polisi na zimamoto wanaweza kuhesabiwa kwa vipindi vya siku 7 hadi 28: kwa siku 28, askari huanza ovataimu baada ya saa 171, na mzimamoto baada ya 212. Kwa hiyo jirani yako wa kikosi cha zimamoto anapokwambia alifanya saa 53 kwa wiki bila ovataimu, usimcheke. Hajaibiwa.

"Sikuomba ruhusa, kwa hiyo hawatanilipa." Mwajiri akijua unafanya kazi, au akipaswa kujua, na akakuacha uendelee, saa zile zinalipwa. Anaweza kukuonya, hata kukuadhibu kwa kuvunja utaratibu. Kutokulipa si miongoni mwa adhabu zake.

"Wiki ile nililipwa saa 48, mbona hakuna ovataimu?" Kwa sababu 8 zilikuwa za sikukuu na ulikuwa nyumbani. Sheria ya shirikisho huhesabu saa ulizofanya kazi. Mkataba wa chama unaweza kuwa mkarimu zaidi, usome.

"California, baada ya saa 8 kwa siku ni ovataimu." Kwa mwajiri binafsi, ndiyo. Amri za mishahara za jimbo hilo haziwafikishii kifungu hicho wafanyakazi walioajiriwa moja kwa moja na jimbo, kaunti au jiji. Kima cha chini cha mshahara kinawafikia. Ovataimu ya siku haiwafikii, labda mkataba wao useme hivyo.

Mnaofanya kazi mbili kwa mwajiri mmoja, asubuhi jikoni mwa shule, jioni mnasafisha madarasa ya wilaya ileile, saa zenu zinajumlishwa. Nashangaa ni wangapi hupewa hati mbili za mshahara na kuamini wana waajiri wawili.

Kisha lile swali lisilo na mwisho: "Serikali inalipa ngapi?" Serikali ipi? Marekani ina serikali za ngazi ya chini ya jimbo zaidi ya 90,000, ukijumlisha kaunti, miji, wilaya za shule na mamlaka za maji, na jedwali la mishahara la watumishi wa shirikisho halizihusu. Karani wa kaunti moja na mwenzake wa ng'ambo ya mto wanaweza kupishana mshahara, likizo na bima. Hata chama si cha lazima kuwepo: North Carolina imepiga marufuku mikataba ya pamoja ya watumishi wa umma tangu 1959. Uzuri ni kwamba kwa kawaida mishahara hii ni taarifa za wazi. Mwaka 2010 ilipogundulika kwamba meneja wa mji mdogo wa Bell, California, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, jimbo likaanza kuweka malipo ya watumishi wa miji na kaunti mtandaoni. Tafuteni cheo chenu kabla ya kwenda kwenye usaili, si baada ya kusaini.

La mwisho linawauma zaidi waajiriwa wa jimbo lenyewe. "Nitawashtaki." Wa kaunti na jiji anaweza kushtaki. Wa jimbo, taratibu. Maofisa wanaosimamia watu wanaotumikia adhabu nje ya gereza huko Maine walilidai jimbo lao ovataimu, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kushtakiwa na mtu binafsi kwa madai hayo hata katika mahakama zake lenyewe, bila ridhaa yake. Sheria bado inalibana jimbo, lakini mara nyingi anayeweza kugonga mlango kwa niaba yako ni Wizara ya Kazi ya Marekani. Peleka malalamiko huko, au ona kama sheria ya jimbo lako inakupa njia nyingine.

Na usikae nayo. Muda wa kudai ni miaka miwili, mitatu ikiwa mwajiri alivunja sheria makusudi, na huhesabiwa kwa kila siku ya malipo. Yule msaidizi wa darasani alikuja na daftari la miaka minne, limeandikwa vizuri kuliko vitabu vya wilaya yake. Kurasa za mwaka wa kwanza tumezifunga kwa mpira tukaziweka kando. Tumeanzia za mwaka wa pili, kwa tumaini la kuthibitisha makusudi.